Neno la Kiingereza "Wander": Kutembea, Kuzurura au Kutangatanga?

Siku ya soko katika mji wa Kapsokwony, ulio kwenye mteremko wa Mlima Elgon juu ya Kimilili, watu wa kila namna huonekana wakipita barabarani. Yuko kijana aliyemaliza shule wala hana kazi. Amekwisha pita mbele ya maduka mara tatu tangu asubuhi, mikono mifukoni. Yuko mama aliyemaliza kuuza vitunguu vyake, na sasa anapita polepole kati ya vibanda, akigusa kitambaa hiki na kuuliza bei ya kile, bila nia ya kununua. Na yuko mzee ambaye akili yake imeanza kusahau. Ametoka nyumbani alfajiri na hajui tena arudi kwa njia ipi.

Mwingereza akiwatazama hawa watatu aweza kutumia neno moja kwa wote: "wander". Msemaji wa Kiswahili hawezi. Akisema kwamba wote watatu wanazurura, amemtukana mama na kumwonea mzee. Akisema kwamba wote wanatembea, hakuna atakayeondoka kwenda kumtafuta mzee.

Mwanafunzi anapokutana na neno hili mara ya kwanza huambiwa kwamba maana yake ni kuzurura, naye huandika hivyo katika daftari lake, na huenda akaishi na maana hiyo maisha yake yote. Tafsiri hiyo si uongo, ila ni robo tu ya kweli. Maana ya msingi ya "wander" ni kwenda huku na huko bila njia iliyopangwa, au bila haraka ya kufika mahali. Yafaa kuangalia vema ni nini kilichomo katika maana hiyo na ni nini kisichokuwamo. Imo habari ya njia: kwamba haikunyoka, kwamba mwendaji hakuichagua kabla ya kuondoka. Haimo habari ya tabia yake. Neno halisemi kama ni mvivu au mchapa kazi, mwizi au mtu mwema, mgonjwa au mzima. Mambo hayo huletwa na maneno mengine yaliyo kando yake katika sentensi.

Kwa hiyo sentensi "We wandered through the market" yaweza kufasiriwa "Tulitembeatembea sokoni", wala hakuna lawama ndani yake. Huenda waliosema hivyo walifurahi sana. Lakini "He wandered the streets looking for work" ni "Alizunguka mitaani akitafuta kazi", na hapa mna taabu. Msomaji ataona pia kwamba katika sentensi ya pili mtu huyo alikuwa na shabaha, yaani kazi. Kitu asichokuwa nacho ni njia ya kuifikia. Wanaofundisha kwamba "wander" ni kwenda bila shabaha yoyote husahau matumizi haya, ambayo ni ya kawaida kabisa.

Neno hili hupenda kufuatana na vineno vidogo, na kila kimoja huligeuza kidogo. "Wander about" na "wander around" ni kuzungukazunguka pahali pamoja. "Wander into" ni kuingia mahali bila kukusudia, kama mbuzi aingiavyo shambani. "Wander from" ni kuiacha njia au jambo lililokuwa likisemwa. Linalotakiwa kushikwa zaidi kuliko yote ni "wander off", yaani kujitenga na wenzako na kwenda zako pasipo mtu kuona. Mwalimu akiandika katika barua kwa mzazi kwamba mtoto "wandered off", hasemi kwamba mtoto ni mzururaji. Asema kwamba mtoto hakuonekana alipokwenda, na pengine watu wamekwisha anza kumtafuta. Mzazi aliyesoma "kuzurura" atachukua fimbo, na kumbe ilifaa achukue tochi.

Katika kutamka, neno hili lina mtego. Kiingereza kina neno jingine linalofanana nalo sana, "wonder", ambalo maana yake ni kustaajabu au kujiuliza. Katika kuandika, tofauti yao ni herufi moja tu, "a" na "o". Kwa sikio la msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kwamba kila herufi ina sauti yake na haibadiliki, jambo lingekuwa rahisi. Lakini Waingereza wamezigeuza. Lile linaloandikwa kwa "a", la kutembea, hutamkwa karibu na "wonda". Lile linaloandikwa kwa "o", la kustaajabu, hutamkwa karibu na "wanda". Basi anayeandika kama asikiavyo atakosea kila mara, na ndiyo sababu barua nyingi husema kwamba mtu "was wondering in the forest", kana kwamba alisimama msituni akistaajabu miti.

Mgeuko huo hauna ubaya kama mtu akijua kwamba maneno haya hayako peke yake. Katika Kiingereza cha Uingereza, "a" ikija nyuma ya "w" mara nyingi husikika kama "o": ndivyo ilivyo katika "want", "was", "watch" na "wasp". Na "o" mara nyingi husikika kama "a" katika maneno kama "son", "come", "love" na "won". Mwenye kukumbuka kwamba "wander" ni ndugu wa "want", na "wonder" ni ndugu wa "won", hatakosea tena.

Tena ni vizuri kujua neno hili limetoka wapi, kwa maana asili yake yafungua maana. Ni neno la Kiingereza cha kale sana, nalo ni la ukoo mmoja na "wind", kupinda au kuzungusha, na "wend", kwenda kwa kufuata njia. Hili "wend" sasa halitumiki sana, lakini limeacha mtoto ambaye kila mwanafunzi wa darasa la nne anamjua: "went". Waingereza walichukua wakati uliopita wa "wend" wakaufanya wakati uliopita wa "go", na ndiyo sababu maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Kwa hiyo picha iliyo ndani ya "wander" ni ya kupinda na kuzunguka. Wajerumani wana neno la asili hiyohiyo, "wandern", nalo kwao ni kutembea milimani kwa furaha, na viatu imara na chakula mfukoni. Haliwi neno la aibu.

Hata mbinguni mna wazururaji wa namna hii. Wayunani wa kale walipotazama nyota waliona kwamba chache haziketi mahali pake kama nyingine, bali huhama usiku baada ya usiku. Wakaziita kwa neno lenye maana ya wenye kutangatanga, na kutoka neno hilo Waingereza wakapata "planet". Kiswahili kilipata jina lake kwa njia ya Kiarabu, "sayari", kutoka neno lenye maana ya kwenda au kusafiri. Waarabu wa leo huita motokaa kwa jina la asili hiyo. Ni ajabu kidogo kwamba nyota ileile Wayunani waliiona imepotea njia na Waarabu wakaiona iko safarini. Baadaye ilijulikana kwamba sayari haipotei kamwe. Njia yake hupimika, ila mtazamaji aliyesimama juu ya dunia haioni sawasawa.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo mfasiri anapofanya kazi yake. Kiswahili hakikosi maneno ya kutembea. Kina mengi kupita kiasi. Shida ni kwamba karibu kila moja humhukumu mtu anayetembea.

"Kutembea" ni neno zuri na la heshima. Katika Kiswahili cha zamani halikuwa hasa neno la kutoka hapa hadi pale. Hilo lilikuwa "kwenda kwa miguu". Kutembea kulikuwa kupita huku na huku kwa starehe, na bado tunasema "matembezi". Katika Kenya limeongezeka maana nyingine iliyo muhimu: kwenda kuwaona watu. Mtu akisema "Jumapili nilitembea kwa shemeji Kitale", huenda alipanda matatu tangu Kapsokwony hadi mlangoni kwa shemeji bila kupiga hatua mia. Tena yako matumizi ya "kutembea na mtu" ambayo hayahitaji kuelezwa hapa.

"Kuzurura" lina lawama. Mzururaji ana miguu lakini hana kazi, au anayo na ameikimbia. "Kurandaranda" ni jirani yake, ila huonyesha zaidi mtu anayepitapita mahali pamoja, na anayemtazama huanza kuwa na wasiwasi. "Kutangatanga" ni neno la huruma. Anayetangatanga hana pa kukaa, au amefukuzwa, au njaa imemwondoa kwao. Mkimbizi hutangatanga, yatima hutangatanga, na hakuna anayewacheka. "Kuzunguka" halina lawama wala huruma, na kwa sababu hiyo mara nyingi ndilo linalokaribia "wander" kuliko yote. "Kupunga upepo" ni la mtu aliyekwisha kula. "Kuhemera" ni la mtu anayepita mji hata mji kutafuta chakula cha kununua wakati wa upungufu. Kwa mbali aonekana kama mzururaji, lakini mfuko mtupu ulio begani wamtetea. Na mwenye "kudoea", yaani yule apitaye karibu na nyumba ya jirani kila ugali unapoiva, kwa mbali naye aonekana anajizungukia tu, kumbe dira yake haijapata kukosea hata siku moja.

Kutoka pwani limekuja neno "kwenda arijojo". Ni neno la tiara ya watoto iliyokatika uzi ikachukuliwa na upepo. Kwa mtu aliyepoteza mwelekeo wa maisha, hakuna tafsiri ya "wander" iliyo nzuri kuliko hii, ingawa huku bara haisikiki sana.

Neno "mhuni" nalo lina historia yake. Leo ni mkorofi, mtu wa kupigana na kuiba. Zamani lilikuwa na maana ya mtu asiye na makao wala jamaa pale alipo, mtu wa kupitapita. Lilivyogeuka kutoka mtu asiye na nyumba likawa mtu mbaya laonyesha jinsi akili za watu wa mjini zinavyokwenda: asiyejulikana kwao hushukiwa kwanza.

Na serikali zilifikiri hivyohivyo. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uzururaji. Vita na Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka 1815. Askari wengi walikuwa wameachishwa, na watu wasio na kazi wala makao walijaa njiani. Katika sheria hiyo neno "wander" liliingia kama neno la kosa: mtu aliyekuwa akipita huku na huko na kulala ghalani au mahali pa wazi, bila kuweza kujieleza, aliweza kufungwa. Neno lililokuwa la njia tu likawa neno la mashtaka. Sheria za mfano huo zikachukuliwa na kupandwa katika makoloni ya Kiingereza, Afrika ya Mashariki pamoja. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lenyewe lilipitisha kifungu cha kuifuta ile ya 1824.

Katika Kenya, mwendo wa Mwafrika ulitazamwa kwa macho hayo kwa miaka mingi. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri alipaswa kuchukua karatasi yake, na wengi waliivaa shingoni katika kikebe cha bati. Asiyekuwa nayo hakuwa na la kusema akiulizwa anakwenda wapi. Mwaka 1949 ikatungwa sheria juu ya watu waliosemekana kukaa bila kazi kwa hiari yao. Tanganyika nayo ilikuwa na sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Uhuru ulikuja, lakini mawazo hayo hayakuondoka mara moja. Kenya ilikuwa na Sheria yake ya Uzururaji hadi ilipofutwa mwaka 1997, na Tanzania mwaka 1983 ilifanya kampeni ya Nguvu Kazi, ambayo iliwaondoa mijini watu walioonekana hawana kazi.

Watu wa Mlima Elgon wana sababu yao ya kulisikiliza neno hili kwa makini. Mpaka wa Kenya na Uganda umepita juu ya mlima, na Wasabaot wa upande wa Kenya na Wasebei wa upande wa Uganda ni watu wa asili moja. Kabla ya mwanzo wa karne ya 20, ng'ombe wao walilishwa hata katika tambarare ya Trans Nzoia. Nchi hiyo ilipogawiwa walowezi, mchungaji aliyefuata nyasi zilezile alizofuata baba yake alikuwa sasa mtu anayepitapita katika shamba la mwingine. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliyasikia madai ya watu hao. Njia ya mchungaji haikuwa imebadilika. Jina lake ndilo lililobadilika.

Kwa sababu hiyo hukumu iliyotolewa Kampala tarehe 2 Desemba 2022 iligusa jambo linaloeleweka mlimani pande zote mbili. Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Adhabu vilivyomfanya mtu kuwa mhalifu kwa kukutwa tu akipitapita njiani au karibu na nyumba, katika saa na hali ya kumfanya mwingine adhani kwamba nia yake ni mbaya. Katika vifungu hivyo neno la Kiingereza lililotumika lilikuwa lilelile, "wandering". Mahakama Kuu ya Malawi ilikuwa imekwisha batilisha kifungu cha namna hiyo mwezi wa Januari 2017. Na tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji haziafikiani na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa humwadhibu mtu kwa hali aliyo nayo badala ya tendo alilofanya.

Mkalimani wa mahakama, basi, hana ruhusa ya kuchukua neno la kwanza linalomjia. Chukua mfano wa askari anayetoa ushahidi kwa Kiingereza: "I found him wandering near the shop." Mkalimani akisema "Nilimkuta akizurura karibu na duka", mshtakiwa amekwisha pata nusu ya hukumu kabla ya kufungua kinywa, maana askari hakusema hivyo. Alisema tu kwamba mtu huyo alikuwa akipita huku na huku. "Nilimkuta akizungukazunguka karibu na duka" ni tafsiri ya haki: yaacha jambo wazi, nayo mahakama iulize.

Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi, nayo haitajwi mara nyingi. Mshtakiwa anajibu kwa Kiswahili, "Nilikuwa nimetembea." Mkalimani asiyekuwa mwangalifu afasiri, "I was wandering about", na hakimu anaandika kwamba mshtakiwa mwenyewe amekubali kuwa hakuwa na la kufanya pale. Kumbe alichosema ni kwamba alikuwa amekwenda kumtembelea mtu, na lau angaliulizwa "Kwa nani?" angalitaja nyumba na jina la mwenyewe, na shahidi angaliitwa. Neno moja la heshima limegeuzwa kuwa neno la kukiri kosa. Mkalimani akisikia "nilitembea" na hajui ni kutembea kupi, na amwombe hakimu ruhusa amwulize msemaji. Si aibu hata kidogo.

Hospitalini pia neno hili hutumika kwa namna yake. Katika habari za wazee wenye maradhi ya kusahau, "wandering" ni dalili inayojulikana: mgonjwa huamka na kuondoka, mara nyingine usiku, akiwa na hakika kwamba anakwenda shambani alikolima ujanani au nyumbani kwa mama yake aliyekufa zamani. Kwake yeye anayo shabaha. Jamaa wakisoma maneno hayo katika karatasi ya daktari na kuambiwa kwamba baba yao "anazurura", watamkemea na kumfungia. Wakiambiwa kwamba "huondoka nyumbani na kupotea", wataelewa kwamba lango lahitaji komeo, na kwamba yafaa jirani, mzee wa kijiji na vijana wa bodaboda wajue uso wake.

Liko jambo jingine la mlima huu linaloonyesha kwamba mwendo wa aina hii si rahisi kuhukumiwa kwa kutazama. Katika upande wa Kenya wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon liko pango la Kitum. Mpelelezi Joseph Thomson alifika Elgon mwaka 1883, akakuta mapango yenye watu na ng'ombe ndani, akadhani kwamba yalichimbwa na watu wa kale. Baadaye wataalamu waliona kwamba tembo nao wamekuwa wachimbaji. Tembo huingia Kitum usiku, katika giza ambamo jicho halifai kitu, wakipapasa njia kwa mikonga, nao huvunja mwamba kwa pembe zao na kuula, kwa sababu una chumvi. Mtu anayewaona jioni msituni, mmoja huku na mwingine kule, aweza kuandika katika kitabu chake kwamba tembo "were wandering in the forest", na hatakuwa amekosea Kiingereza. Lakini walikuwa wakielekea chumvini.

Yako matumizi ya "wander" yasiyohusu miguu kabisa. Akili huweza "wander": mwanafunzi aketiye darasani mawazo yake yakiwa mpirani, kwa Kiswahili twasema mawazo yake yamehama, au yuko mbali. Macho pia, na hapo ni kutupatupa macho. Msemaji aliyeacha jambo lake na kuanza jingine naye "wanders", na tafsiri ni kwamba ametoka katika maneno yake. Mto nao "wanders". Hapa mtu wa Elgon aweza kupata taabu kuelewa, kwa maana mito anayoijua, kama Kuywa, hushuka kwa nguvu kutoka mlimani na haina nafasi ya kuzunguka. Lakini Kuywa huingia Nzoia, na Nzoia ifikapo tambarare ya Budalangi karibu na Ziwa Victoria, huenda polepole na kupindapinda, na wakati wa mafuriko huiacha njia yake. Huo ndio mto "unaowander", kama mtu angeruhusiwa kusema hivyo.

Maneno machache yaliyo jirani yasichanganywe na hili. "Stroll" ni matembezi ya starehe tu, wala haliwezi kutumiwa kwa mkimbizi. "Roam" ni kuzunguka nchi pana, na hutumiwa sana kwa wanyama wa porini. "Stray" ni kuiacha njia au kundi, nalo ndilo neno la ng'ombe aliyepotea au mbwa asiye na mwenyewe. "Loiter" ndilo linalokosewa zaidi, kwa sababu nalo hufasiriwa "kuzurura", na kumbe lina habari ya kusimama kuliko ya kwenda: ni kukaakaa mahali bila shughuli inayoonekana. Kibao cha "No loitering" kilichopigwa mlangoni mwa ofisi hakimkatazi mtu kupita. Chamkataza kuegemea ukuta.

Kwa mazoezi, msomaji na afasiri sentensi tatu zifuatazo kabla ya kutazama majibu. Ya kwanza: "The calves wandered into the maize." Ya pili: "My grandmother wandered from her story." Ya tatu: "After the fighting, many families wandered for months."

Majibu ni haya. Ndama waliingia katika mahindi. Hakuna haja ya neno jingine, kwa kuwa hakuna ndama aingiaye shambani kwa barua. Nyanya aliiacha hadithi yake akaingia nyingine. Si heshima kusema kwamba nyanya alipotea. Baada ya mapigano, jamaa nyingi zilitangatanga kwa miezi. Na aliyeandika "zilizurura" na afute, aandike upya.